Nani Alimfundisha Baba?

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kila nikikupigia simu unaitikia "eee, eee", kisha nagundua hukusikia hata neno moja. Mimi ni mzima, miguu tu imeanza kuvimba. Mtoto anatarajiwa mwishoni mwa Juni. Mkwe wako hajambo, chumba cha mbele bado kimejaa friji za watu na feni zilizogoma kuzunguka, na mgeni akija inabidi tumkalishe juu ya kreti. Kazini msimu wa harusi umeanza. Tunachapisha kadi za mialiko mpaka nanuka wino hata nikiwa nimeoga.

Baba ametoka hospitali. Anatembea, anakula, anakumbuka matokeo ya mechi alizochezesha kabla sijazaliwa. Ukimwona utasema ile pikipiki iliyomgonga ilimkosa. Lakini Shangazi, mtu aliyerudi nyumbani simjui.

Anaiba kwenye drafti. Wenzake wakigeuka kumsalimu mpita njia, yeye anasogeza kete, na wakimkamata anacheka. Juzi alichukua mwavuli wa jirani yetu, yule ambaye tangu ajifungue tunamwita Mama Pacha. Akatoka nao, akakutana na mwenyewe njiani akilowa chapachapa, akamsalimu vizuri, akauliza watoto hawajambo, akapita. Mama Pacha alidhani anaota.

Daktari anasema ubongo umeumia upande wa mbele. Kosa analijua, ukimuuliza atakwambia mwavuli si wake. Ila kosa halimuumi tena.

Sasa mume wangu amepata habari za nyumba moja nje ya mji inayolea watu wa namna hii. Wanalishwa, wanaoshwa, geti linafungwa. Anataka Baba aende kabla mtoto hajazaliwa. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniliza, maana siwezi kumlaumu. Mtu anayeweza kukuacha ulowe huku ameshika mwavuli wako, utamwachiaje mtoto mchanga?

Bibi alipofariki wewe ndiye uliyemlea Baba. Nataka unieleze ulimfundishaje. Kama haya mambo ya haki na batili alifundishwa, basi atafundishwa tena, na mimi nitamfundisha. Kama alizaliwa nayo na pikipiki imeyang'oa, nitayatafuta wapi?

Nakungoja,
Binti wa kaka yako


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, imekunjwa vibaya kama kawaida yako. Ninyi mnaochapisha kadi za watu hamjui kukunja karatasi. Goti langu la kulia ni lile lile, la kushoto limeanza kumwonea wivu. Wodini tumepata wauguzi wapya wawili. Wanajua kila kitu isipokuwa kumshika mtoto. Namshukuru Mungu kwa hiyo mimba yako, na nakuonya usinyanyue friji ya mtu.

Kuhusu kaka yangu, punguza machozi. Wewe unauliza nani alimfundisha. Samaki nani alimfundisha kuogelea? Yule alizaliwa nayo. Muulize yeyote aliyesoma pale alipokuwa mwalimu wa michezo. Dakika ya mwisho ya fainali alitoa penalti dhidi ya shule yake mwenyewe, mwalimu mkuu yuko jukwaani amekunja uso, na kesho yake akaenda kazini akapiga kipenga cha mazoezi kama kawaida. Mtu wa hivyo hatengenezwi kwa mafunzo. Mimi katika kazi hii ya ukunga nimepokea watoto wengi sana, na nakwambia kuna wanaokuja duniani wamenyooka.

Kwa hiyo vumilia. Kilichozaliwa na mtu hakiondolewi na pikipiki. Mpe chakula kizuri, mfiche na jua kali, na usimfanye mtoto mbele ya watu.

Mkwe wangu nisalimie, na umwambie asiwe na haraka ya kufunga mageti.

Shangazi yako mwenye magoti


12 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena, na pole kwa magoti yote mawili. Huku hatujambo. Tumbo limekuwa kubwa kiasi kwamba mashine ya kukatia karatasi naisogelea kwa ubavu. Mume wangu amepata kazi ya kutengeneza majokofu ya duka la nyama, kwa hiyo na yeye sasa ana harufu yake.

Nina habari njema. Nimeanza kumfundisha. Nilikuwa kazini nafagia vipande vilivyobaki kwenye mashine, nikaona cha manjano na chekundu, karatasi ngumu nzuri. Nikavikata. Jioni ile Baba akamega nyama kwenye sahani ya mume wangu. Nikasimama, nikampigia mluzi kwa mdomo, nikainua kadi ya njano.

Ungemwona! Aliacha nyama. Aliinuka, akaanza kunibishia kwa mikono kama wachezaji walivyokuwa wakimbishia yeye, kisha akasema, "Haya. Refa amesema." Akarudisha. Nilicheka mpaka mtoto akageuka tumboni.

Tangu hapo natembea nazo mfukoni. Akimkatiza mtu foleni, njano. Akimwambia mgeni kwamba kichwa chake kina umbo la papai, njano. Zikifika mbili, nyekundu, anatoka nje kukaa barazani mpaka nimwite. Hata mume wangu ameshakula njano kwa kuacha taulo kitandani, na Baba ndiye aliyenisisitiza nimpe. Kwenye drafti sasa anacheza safi. Mume wangu anasema samaki hukunjwa angali mbichi na huyu ameshakauka, lakini namwona anaanza kutabasamu. Ile nyumba ya nje ya mji hajaitaja wiki hii.

Unaona basi, Shangazi? Inafundishika! Ila nataka nisiishie kwenye kadi. Nakuuliza tena, wewe ulianzia wapi? Ulimwambia nini alipokosa mara ya kwanza? Alikuwa mtoto kama watoto, hakuzaliwa na kipenga mdomoni.

Mwalimu wa baba yake mwenyewe,
Binti wa kaka


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka na habari ya papai mpaka wauguzi wapya wakaja kuangalia kama nimepatwa na kitu. Kadi ni akili. Utakapomaliza na baba yako niletee nami za hapa wodini.

Unauliza nilimfundishaje. Mvua zimekuwa nyingi huku. Paa la jikoni limeanza kuvuja pale pale lilipozibwa mwaka jana, na fundi ni yule yule, na visingizio ni vile vile. Nimeweka ndoo. Mchungaji wa hapa amehamishwa, aliyekuja anahubiri kwa kifupi, kwa hiyo kanisa limejaa.

Kula mboga za majani. Usilale chali.

Shangazi


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima wa afya. Nimekaa muda bila kuandika kwa sababu sikuwa na la kujivunia.

Kadi zimeshindwa. Nilidhani Baba anajifunza lililo sawa, kumbe alikuwa anajifunza nilipo mimi. Nikiwa sebuleni ni malaika. Nikigeuka, mkono wake uko kwenye sukari ya jirani. Mama Pacha aliniambia kwamba kabla ya kuingia kwake anachungulia kwanza dirisha letu kama kuna mtu. Wiki iliyopita nilikuwa kazini na mume wangu yuko kule kwenye majokofu. Mteja alikuwa ameleta feni kutengenezwa, mzee mmoja mpole, mkewe mgonjwa na hapati usingizi kwa joto. Baba akaichukua, akampa mtu aliyekuwa anapita, eti wabadilishane na redio. Redio yenyewe haina hata betri.

Nilipomuuliza alinitazama bila wasiwasi wowote. "Hapakuwa na refa," akasema.

Mume wangu hakupiga kelele. Alitoa feni yetu ya chumbani akampelekea yule mzee, akarudi, akakaa juu ya kreti, akasema yamemfika shingoni. Nafasi imepatikana kule nje ya mji. Baba ataenda mwezi wa saba, wiki ya pili, mimi nikishapata nguvu. Nimekubali. Nimekubali kwa mdomo wangu, Shangazi, na tangu hapo chakula hakina ladha.

Na wewe nina hasira nawe, nisamehe. Nimekuuliza mara mbili. Umenijibu kuhusu fundi, kuhusu mchungaji, kuhusu mboga za majani. Unamung'unya maneno, wewe ambaye humung'unyi kitu! Kama alizaliwa mwema, uliwahi kumwona siku gani akiwa mbaya? Na kama hukuwahi kumwona, mbona unaogopa swali?

Binti wa kaka yako


21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Leo sitauliza hali, maana hali yako umeniambia, na yangu ni ya mtu aliyegombezwa na mtoto wake akajua anastahili.

Baba yako hakuzaliwa amenyooka. Alikuwa mwizi wa sukari, wa mkate, wa kila kitu kinachoingia mdomoni, na mwongo wa kwanza mtaani. Mama alipofariki mimi nilikuwa msichana tu, na mwalimu pekee niliyemjua alikuwa fimbo. Nilimchapa. Alijifunza kufuta mdomo vizuri kabla ya mimi kurudi. Hicho ndicho nilichomfundisha mimi, kama ulitaka kujua, na kadi zako zimenikumbusha.

Nilikaa kimya kwa sababu nyingine. Tulikuwa watatu. Hujawahi kusikia habari za mdogo wetu, kwa sababu mimi na baba yako hatumtaji. Mama alimwacha mchanga. Nikienda kufua nguo za watu nilikuwa namwachia baba yako, sikuwa na mwingine. Siku moja niliwaachia nusu mkate, kila mtu na kipande chake. Baba yako akala chake, kisha akamnyang'anya mdogo wetu cha kwake. Yule mtoto, ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta, hakulia. Alidhani ni mchezo. Akacheka, akafungua kiganja, akampa na yale makombo yaliyokuwa yamebaki mkononi. Akamsukumia mdomoni.

Niliporudi nilimkuta baba yako mlangoni na fimbo ameishika mwenyewe. Akanieleza yote. Alitaka nimchape. Sikumchapa, wala si kwa hekima, nilikuwa nimechoka na mikono imebabuka kwa sabuni. Akalia zaidi kwa kutochapwa. Na sijawahi tena kumkuta na kitu cha mtu, mpaka ukubwani, mpaka hiyo penalti.

Mwaka uliofuata homa ilimchukua mdogo wetu. Alifia mgongoni kwa baba yako, tukiwa njiani kwenda zahanati. Hilo ndilo paa langu linalovuja, mwanangu. Kila ukiuliza nani alimfundisha baba yako, naona kile kiganja, na kalamu inakimbilia kwenye mvua.

Sasa niambie wewe uliyesoma. Yule mdogo wetu nani alimfundisha kutoa? Hakuna. Hakuwa hata na maneno. Lakini baba yako naye hakuwa hivyo mpaka aonyeshwe. Nimelifikiria hili miaka yote nikipokea watoto wa watu, na nisingeweza kuapa upande wowote. Naona kama kila mtu anakuja na kitu, kwa mwingine kiko juu juu, kwa mwingine kimelala, na hakiamshwi na anayekuchunga usikosee. Kinaamshwa na mtu ambaye hawezi kukufanya lolote.

Ushauri wangu ni huu, na ukiona ni wa kipumbavu, utupe. Chana kadi. Baba yako ameshachezesha mechi za kutosha, anajua kumkwepa refa kuliko mtu yeyote. Na mtoto akizaliwa, usimfungie mlango babu yake. Kaa hapo hapo, shika mtoto upande wako, lakini mwache aone.

Nimeandika mengi kuliko nilivyoandika maishani. Naenda kumwaga ndoo.

Shangazi


6 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Ni msichana. Alikuja siku mbili baada ya mvua kukatika, ana nywele nyingi na hasira nyingi, na kila mtu anasema amefanana na wewe, kwa hiyo jiandae. Nimepona vizuri. Sikulala chali. Mume wangu anamshika kama anavyoshika gesi ya friji, kwa tahadhari ya mtu aliyewahi kuunguzwa.

Barua yako niliisoma nikiwa nimejifungia chooni, nililia humo, kisha nikazichana kadi. Baba alizitafuta kama siku tatu, akaacha.

Sasa sikiliza. Tulipotoka hospitali na mtoto, Baba alimwangalia kwa mbali kama mtu anayepima hali ya uwanja. Hakumgusa. Kesho yake nikakuta sebuleni kuna beseni la kuogea, la bluu, kubwa, zuri. Letu lilikuwa limepasuka na mume wangu alikuwa hajapata nafasi ya kununua jingine. "La mjukuu wangu," Baba akasema. Nililijua lile beseni. Ni la Mama Pacha. Nimemwona mara nyingi akiwaogeshea wanawe humo, wote wawili, mmoja kila upande.

Na nikanyamaza, Shangazi. Nilikuwa nimechoka, mshono unauma, maji yameshapoa kiasi, mtoto yuko uchi mkononi. Nikajiambia nitalirudisha jioni. Nikamwogesha. Jioni nikajiambia kesho. Mume wangu akaliona, akaniangalia, nikasema tumeazimwa. Hivyo hivyo nilisema.

Siku ya tatu Baba alikuwa amekaa karibu yangu wakati naogesha. Mtoto akapiga maji kwa mguu, yakamrukia babu yake usoni. Baba akacheka, akainama, akaweka kidole chake majini, mtoto akakishika. Alikaa hivyo, hatoi kidole, mpaka maji yakaanza kuwa ya baridi nikamwambia basi. Akatoka nje kujifuta uso.

Upande wa pili wa ukuta mfupi wa uani Mama Pacha naye alikuwa anaogesha, kwenye sufuria. Mmoja yuko ndani ya sufuria, magoti yamefika kidevuni, mwingine yuko chini sakafuni anangoja zamu, analia. Baba aliwaangalia. Mimi nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Hakuchungulia huku wala kule kutafuta kama kuna mtu. Alisimama tu pale, kidole bado kina maji, na uso wake ukabadilika polepole, Shangazi, ukawa uso ninaoujua.

Alirudi ndani akabeba beseni lile, maji yote ndani yake, yakamwagika mpaka mlangoni. Hapo mlangoni akasimama akanigeukia.

"Wewe ulijua ni la nani?"

Nikasema, "Nilijua, Baba."

"Ukamwogeshea mtoto humo siku zote hizi, na wale wanaoga kwenye sufuria?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi niliiba. Mimi kichwa changu kibovu, kila mtu anajua. Wewe kichwa chako kina nini?" Sauti ile ile ya uwanjani, Shangazi, sikuwa nimeisikia tangu pikipiki. "Vaa viatu. Twende ukaombe radhi."

Mume wangu alikuwa pale kwenye friji zake, bisibisi mkononi. Nilivaa viatu. Nikambeba mwanangu, nikamfuata Baba mpaka kwa Mama Pacha, akasema yake, nikasema yangu. Mama Pacha alisema hata hakuwa amekasirika, alijua tu litarudi, na sikuamini. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, kama nilivyoona nikiwa na miaka sita.

Sitakudanganya kwamba amepona. Jana alisogeza kete tena, wenzake wakamfukuza mchezoni. Daktari anasema mambo yatakuwa hivi hivi, yanakuja na kupotea. Na bado sijui jibu la swali langu. Mimi nimefundishwa na nilikuwa najua, nikanyamaza. Yeye ameharibika mahali pa kuumwa na kosa, akalibeba beseni. Nikilifikiria sana kichwa kinauma, kwa hiyo nimeacha.

Lakini mume wangu amewapigia simu wale wa nje ya mji. Amewaambia nafasi ile wampe mtu mwingine. Kisha akaenda kununua beseni, na amelileta dogo mno, na hatujamwambia.

Njoo umwone mtoto, na umwone na kaka yako. Magoti tutayakanda. Mimi sikukumbuka hata kusema asante kwa barua yako, nasema sasa. Usiku ule baada ya kurudisha beseni nililala nimefurahi kuliko siku niliyojifungua, mume wangu akaniuliza kinachonichekesha gizani ni nini. Nikamwambia, nimegombezwa na baba yangu.

Mwanao